Kuwinda bata wa baharini Maine mwezi wa kumi na mbili, mtu wa ziwa ajitayarishe aje?

janam_dunga:
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada kwa mwenye amewahi fanya hii kitu ju hapa Kisumu nikiuliza watu wananiangalia tu. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, anaishi Maine huko Marekani mwaka wa nane sasa, na Desemba mimi na mama watoto tunaenda kumtembelea, viza tumeshapata tunashukuru Mungu. Sasa huko amepata marafiki wa kuwinda bata, si bata wa bwawani, bata wa baharini kabisa, wanaamka saa tisa usiku wanashusha boti gizani na barafu imeshika kwa kamba, na amesema atanitoa na mimi siku moja. Nimekubali.

Mimi ni mtoto wa Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu. Baba alikuwa mvuvi na mimi mwenyewe nimevua mbuta miaka mingi kabla niingie kwa biashara ya vipuri, boti naijua ata usiku na kuogelea naweza kutoka ufuoni mpaka penye magugu yanaanzia bila kupumzika. Atudo, yaani bata, tulikuwa tunawatega kwa kamba kwenye mafunjo tukiwa watoto, tunapeleka kwa dani, nyanya yetu, anachemsha. Bunduki ndio sijawahi kushika.

Nataka kujua ninunue nguo gani hapa nyumbani, soko la Kibuye kuna mitumba ya majaketi mazito sana, na kama mgeni nahitaji leseni gani. Na kitu kingine. Nilipomwambia shemeji naogelea vizuri alinijibu tu "kuogelea kwako huku hakutakusaidia" halafu akakata ju alikuwa kazini. Imenikaa kwa roho. Alimaanisha nini?

menengai_upepo:
Janam karibu sana. Mimi nimekaa pwani ya Maine miaka kumi na moja kabla nirudi nyumbani huku Bahati, Nakuru, na hao bata nimewafuata misimu sita, kwa hivyo wacha nikujibu venye nilitamani mtu anijibu mimi mara ya kwanza.

Shemeji yako amekuambia ukweli na usimshikie kisirani. Ziwa letu ni nyuzi 24, 25, 26 mwaka mzima, ukianguka unapanda tena unakaza injini safari inaendelea. Ghuba la Maine Desemba ni kama nyuzi 7 hivi na linazidi kushuka mpaka Februari na Machi linafika 4, saa zingine 3. Hayo si maji ya kuogelea kwa mtu amevaa nguo nzito na gambuti. Watu wanadhani baridi inaua polepole, hapana, kitu cha kwanza ni pumzi, ukiingia mwili unavuta hewa kwa nguvu bila wewe kutaka na kama kichwa kiko chini ya wimbi wakati huo umevuta maji. Kwa hivyo nguo ya kwanza ya kuuliza si jaketi la Kibuye, ni laifujaketi, na unaivaa tangu ufuoni, huikalii kama mto venye tunafanya hapa ziwani. Mimi nimeona wavuvi wetu wazuri sana wameikalia.

Nguo sasa. Pamba usibebe. Jinzi, tisheti, zile soksi nyeupe za shule, wacha nyumbani. Pamba ikilowa inashika maji na inakunyonya joto. Tafuta sufu, sweta ya sufu ata kama imezeeka, na hiyo Kibuye unapata kwa bei nzuri ukichagua ukisoma lebo ndani ya kola. Soksi za sufu jozi mbili, lakini kiatu kisikubane ju damu isipofika kwa vidole ata soksi kumi ni bure. Vaa nguo nyembamba tatu au nne badala ya moja nene, na ya juu kabisa iwe ya kuzuia upepo na maji, ju upepo ndio mbaya. Suruali ya mpira inayofika kifuani shemeji atakuazima, hiyo huku hutapata saizi yako. Ukivaa hiyo suruali funga mshipi juu yake kiunoni, kaza kabisa, ndio ukianguka isijae maji haraka. Glavu jozi mbili, moja ikilowa ya pili iko kifuani ndani ya jaketi inapata joto. Na themosi ya chai ya tangawizi, si ya mapambo.

Sasa jambo lenye hakuna mtu aliniambia. Bahari inapanda na kushuka. Sisi watu wa ziwa tunalijua kwa maneno tu. Pwani ya Maine pale Portland maji yanapanda karibu mita 3, na ukienda mashariki kuelekea Canada yanakaribia mita 6, mara mbili kwa siku. Wawindaji wengi wanashukia kwenye jabali lenye limejitokeza maji yakiwa chini, wanakaa hapo kati ya mawe wamejificha, bata bandia wa plastiki wamefungwa kwa kamba moja ndefu yenye nanga wanaelea mbele. Mwaka wangu wa pili tulikuwa watatu kwa jabali kama hilo, tukafunga boti upande wa nyuma. Bata walikuwa wanakuja vizuri, tumesahau saa. Nikageuka kuchukua themosi nikaona boti iko kama hatua ishirini kutoka kwa mwamba, fundo limelegea maji yalipopanda, na lile jabali lenye tulikuta kubwa kama uwanja wa kanisa limebaki kama sakafu ya jikoni. Limejaa mwani juu, unateleza ata ukisimama tu. Mmoja wetu alifaulu kuirushia nanga ya bata bandia ikashika ukingo mara ya tatu, tukaivuta pole pole. Hakuna mtu aliongea mpaka tukafika gati. Tangu siku hiyo mtu mmoja kazi yake ni boti na saa, hapigi bata, anaangalia maji.

Wewe siku ya kwanza omba kuwa huyo mtu. Mtu wa Dunga ataifanya vizuri kuliko hao wengine wote.

sista_wa_Mbale:
Niongeze hapo kwa pumzi. Mimi ni muuguzi, niko Vihiga sasa lakini nimefanya kazi Scotland miaka minne kwa wodi yenye ilikuwa inapokea watu wa baharini. Kuna hesabu hutumika kufundisha watu wa maji baridi: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza ni ya kutuliza pumzi tu, usijaribu kuogelea, shika kitu, elea, pumzi itarudi. Dakika kumi ndio mikono na miguu inakutii, baada ya hapo vidole havifungi, ata kama unaona kamba mbele yako hutaweza kuishika, na mwogeleaji hodari kabisa anazama hapo huku bado ana akili timamu. Saa moja ndio inakaribia kupoteza fahamu kwa baridi yenyewe. Kwa hivyo shemeji wako alimaanisha ile ya dakika kumi kaka yangu. Misuli yako ya ziwani iko sawa, ni damu itaikimbia ikarudi kifuani kulinda moyo.

Mtu akitolewa kwa maji: mlaze chali, msimkimbize wala kumtembeza, toeni nguo zilizolowa, ikibidi zikateni kwa kisu, mfunike kifua na tumbo kwanza, sio mikono. Msimsugue. Kama anaongea vizuri mpe kitu cha moto chenye sukari. Pombe hapana, ata tone moja, najua huko kwa boti kuna watu hubeba chupa wakisema inatia joto, inafungua mishipa ya ngozi na joto la ndani linatoka. Akianza kuongea ovyo au ameacha kutetemeka na bado ni baridi, hiyo ndiyo hatari, itisheni msaada haraka.

janam_dunga:
Asanteni sana, sista nimekuelewa na mzee wa Bahati nimesoma hiyo ya jabali mara mbili nikaamka nikazunguka nyumba. Kumbe nilikuwa nawaza bunduki na sherehe na kitu chenyewe ni maji. Huku kwetu upepo wa jioni ndio tunaogopa, maji yenyewe hatujawahi kuyaogopa.

Sasa kuhusu leseni na bunduki, je mgeni wa viza ya matembezi anaweza kupiga ata mmoja? Na ni bata gani hao?

menengai_upepo:
Usishike bunduki kabla ya makaratasi, hili nakuambia kama ndugu. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inasema mtu wa viza kama yako haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa awe na leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Kwa hivyo ata kupewa ushike kidogo upigwe picha, kataa. Ukitaka leseni kuna mafunzo ya usalama unaonyesha cheti, halafu kwa bata kuna ruhusa za ndege wahamaji, na juu yake stempu ya bata ya serikali kuu, dola 25, kila mtu wa miaka 16 kwenda juu. Hiyo stempu ilianza 1934 na katika kila dola senti 98 zinaenda kununua na kukodi ardhi yenye maji ili bata wapate pa kukaa. Mimi zangu sita bado ziko kwa albamu, zina picha nzuri sana. Shemeji apige simu kwa ofisi ya wanyamapori ya jimbo aulize pia kama wewe bila leseni unaruhusiwa kusaidia kuweka bata bandia, asikisie.

Bunduki yenyewe ni ya marisau, zile punje ndogo ndogo, na kwa bata haitakiwi kubeba zaidi ya risasi tatu kwa jumla. Saa za kupiga zimeandikwa, nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka jua kuzama, na Desemba huko jua linachomoza kama saa moja na dakika kumi asubuhi na kama saa kumi jioni linazama, siku ni fupi ajabu. Marisau ya ledi yamepigwa marufuku kwa bata nchi nzima tangu 1991, ni stili au kitu kingine chenye hakina sumu, ju bata huokota vijiwe kwa tope vya kusagia chakula tumboni na walikuwa wanameza ledi badala ya vijiwe wanakufa pole pole.

Bata mkubwa ni eider, karibu kilo 2, dume ni mweupe mgongoni na mweusi tumboni. Anapiga mbizi anameza kome wazima na ganda lake, anayavunja ndani kwa firigisi. Kuna scoter, weusi, wanapita kwa mstari chini karibu kugusa mawimbi. Na kuna mwenye mimi nampenda kuliko wote, mwenye mkia mrefu, wanamwita long-tailed, anaimba. Ukikaa gizani unamsikia kabla umwone, sauti kama ya watu wanaitana ng'ambo ya mto. Huyo anaweza kuzama mpaka mita 60 kutafuta chakula, sehemu kubwa ya ghuba letu la Winam angefika chini bila shida.

mto_nzoia:
Samahani naingilia. Mimi ni wa Bunyala. Nimesoma yote na nina swali gumu kidogo, ndugu zangu, kwani huyo ndege amewakosea nini? Wote wawili mna chakula. Nauliza kwa uchungu ju hapa kwetu kwa mashamba ya mpunga nimeona venye uwindaji wa ndege unaweza kugeuka. Watu walikuwa wanachukua ile dawa ya wadudu ya chembechembe za zambarau, kabofurani, wanatia kwa konokono, korongo wanakuja wanakula wanaanguka hapo hapo. Wanaweka na korongo hai amefungwa mguu katikati ya maji ndio wenzake wakiona juu washuke. Nyama inauzwa, watoto wanakula. Mimi nimekula nikiwa mdogo bila kujua, mama alinunua kando ya barabara. Mkitaja ndege wa plastiki wa kuvuta wenzao mimi naona yule korongo amefungwa mguu.

menengai_upepo:
Mto Nzoia sikulaumu, na nakujibu kwa heshima. Korongo wa Bunyala nimesoma habari zake na ni kitu kibaya sana, sumu haichagui, inaua mwenye amelengwa na kipungu mwenye amekuja kula mzoga na mtoto mwenye amekula supu.

Pwani hiyo ya Maine ilipitia yake. Zamani watu walikuwa wanapiga bata kwa mapipa kupeleka sokoni, na eider kwa sababu ya manyoya na mayai walikuwa wamebaki wachache sana wenye wanaatamia Maine mwanzoni mwa karne ya 20. Kulikuwa na bata mwingine kabisa, bata wa Labrador, alikuwa anakaa majira ya baridi pwani hiyo hiyo kuteremka mpaka New York, wa mwisho mwenye anajulikana kwa hakika alipigwa karibu na Long Island 1875. Hayuko tena duniani. Ndio ikaja sheria ya ndege wahamaji ya 1918, ikakataza kuuza. Mpaka leo bata wa mwitu huko huwezi kumuuza, unakula wewe na watu wako. Na idadi kwa siku imeandikwa, majike wa eider wamewekewa kikomo kidogo zaidi ju jike anachukua miaka miwili mitatu kabla aanze kutaga, ukimuua jike umeua miaka.

Sisemi hiyo inafanya roho ya ndege iwe rahisi. Mara ya kwanza nilimchukua dume mkononi bado ana joto, maji yanadondoka kwa mgongo, na nyuma ya kichwa ana rangi ya kijani kama majani ya chai changa. Nilinyamaza muda mrefu. Nilimla wote, nikachemsha ata mifupa.

korongo_wa_Ol_Bolossat:
Mimi huhesabu ndege wa maji kila Januari kwa maziwa ya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, miaka tisa sasa kwa kujitolea. Nataka mjue kitu kimoja. Wakati Janam atakuwa amekaa kwa jabali huko anatetemeka, bata wengine wa kaskazini watakuwa hapa kwetu. Pintail mwenye mkia kama sindano, shoveler mwenye mdomo kama koleo, garganey mwenye mstari mweupe juu ya jicho, wanatoka Ulaya na Asia maji yakiganda, wanafika hapa kuanzia Oktoba na kurudi kama Machi. Wanalala na bata wetu wa mdomo wa njano kwa maji yale yale.

Na kisheria huku tusichanganye mambo. Uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku Kenya 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema wazi kuwinda kwa michezo ni kosa. Kwa hivyo Janam, ukirudi na hamu usiende nayo mafunjoni. Na zile kamba za utotoni wafundishe watoto wako kuzifungua wakizikuta. Najua hukuwa na nia mbaya, sisi wote tulikuwa hivyo. Lakini Dunga mafunjo yamepungua, na kuna ndege kama papyrus gonolek hawana kwingine pa kwenda.

janam_dunga:
Nimeketi na haya maneno yenu siku mbili. Mto Nzoia asante kwa kusema, sikukasirika. Dani yangu alikuwa anakataa tukileta atudo mwenye ana yai tumboni, alikuwa anamwangalia halafu anatutukana vizuri sana, na sikuelewa mpaka mzee aliposema hiyo ya majike.

Jana usiku nimempigia shemeji. Nimemwambia siku ya kwanza sitaki bunduki, nataka kazi ya boti na saa. Alinyamaza kidogo halafu akasema wamekuwa wakitafuta mtu wa hiyo kazi tangu mwaka jana ju kila mtu anataka kupiga. Amesema laifujaketi iko, saizi yangu, na ataniletea karatasi yenye saa za maji kupanda na kushuka za wiki nzima ndio niisome kabla. Atapiga simu ofisini Jumatatu kuuliza hiyo ya kusaidia bata bandia. Sweta mbili za sufu nimepata Kibuye leo asubuhi, moja ina tundu kwa kiwiko mke wangu anashona sasa hivi.

Imebaki swali moja tu la mke wangu, na ni la kweli: hiyo nyama inapikwa aje? Shemeji husema inanuka samaki na watoto wake hawaigusi. Na inaweza kurudi Kenya kama aliya, nyama ya kukausha?

menengai_upepo:
Nyumbani usilete, uwanja wa ndege watakunyang'anya na wana haki. Pikieni huko huko.

Harufu iko kwa mafuta na ngozi ju anakula kome. Usimnyonyoe manyoya kama kuku, toa ngozi yote na mafuta yote ya njano mpaka ibaki nyama nyekundu iliyokolea, inafanana na maini kuliko kuku. Chukua kifua, kata vipande, lowesha kwa maziwa lala au maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi mwaga osha. Halafu kuna njia mbili, moto mkali dakika chache ibaki laini ndani, au polepole masaa matatu na kitunguu, nyanya, pilipili hoho. Katikati ya hapo inakuwa kama ngozi ya kiatu.

sista_wa_Mbale:
Nami naongeza, kabla ya kulowesha pitisha vidole kwa nyama utoe marisau yote, zile punje za chuma huvunja jino. Na mama watoto akipika polepole atie osuga, ile mboga ya mnavu, kando, watoto wa shemeji watakula.

janam_dunga:
Amesoma. Amesema kuhusu osuga atabeba mbegu kama wanaruhusu, nimemwambia aulize kwanza.